Jibu la Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na pamoja nayo imekuja barua. Waliounda mashine zetu za kukata maboksi wametuandikia ukurasa mmoja wa adabu sana, adabu ya watu wanaojua wamekosea na hawataki kushtakiwa.

Niandike jambo lenyewe, maana kichwa changu kina hasira nyingi kuliko nafasi. Tuna mashine saba ukumbini. Wafanyakazi wanaziita fisi, kwa sababu hazibagui nyama na karatasi. Kila fisi ana kisu cha urefu wa mtu, ubavuni ana kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna programu iitwayo Mlinzi. Mkono ukikatiza mstari wa mwanga ulio mbele ya kisu, Mlinzi hukizuia kisu kisishuke. Lakini programu haijiendeshi. Inahitaji kitu chini yake cha kusoma maagizo yake na kuyatenda, na hicho sisi tunakiita injini. Injini hutoka toleo baada ya toleo. Barua inasema toleo la nane lina ugonjwa: likiwaka zaidi ya siku kumi bila kuzimwa, huganda kwa nukta moja au mbili. Mlinzi anasinzia. Fisi hasinzii.

Toleo la kumi na moja ni zima. Kwa hiyo swali ni moja tu: kompyuta zetu zina toleo gani? Meneja amenipa mimi kazi hiyo, fundi wa kompyuta, ambaye pia ni katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye pia ndiye mwandishi wa yale makaratasi ya ubaoni yanayomharibia chai.

"Wiki moja, Pilipili," kasema.

"Siku tano. Mimi silali kazini kama wakurugenzi wako."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika programu ndogo, mistari thelathini. Inapita kwenye nyaya za kiwanda, inabisha hodi kwa kila kompyuta, inauliza, "Una toleo gani la injini?", inachukua jibu la kwanza na kuliandika. Kompyuta arobaini na mbili kwa dakika nne. Wasomi wa mjini hulipwa mwezi mzima kwa kazi hiyo na bado huomba semina.

Nikiwa katikati ya furaha yangu akaingia Kobe. Kobe ni fundi mkuu wa mashine, ananizidi miaka mitatu, na hutembea kana kwamba sakafu ameiazima. Mfukoni ana utepe mweupe wa gundi. Kila kitu anachokigusa hukibandika kipande na kukiandika: tarehe, alichokuta, alichofanya. Kiwanda kizima kina plasta zake kama mgonjwa wa ndui. Lakini miaka tisa iliyopita, tulipogoma, sote tulisimama nje ya geti na yeye akaingia. Aliingia mbele ya macho yetu, polepole, akaenda kupaka mashine mafuta. Siku ile polisi walinivunja meno mawili kwa kitako cha bunduki. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

"Dada Pilipili, umemuuliza nani?"

"Kompyuta."

"Ukibisha nyumba ya watu ukauliza nani yumo, hujibu yule aliyekuja mlangoni. Waliolala chumbani hawajibu."

"Wewe ungefanyaje, mwanafalsafa?"

"Ningefungua folda. Moja moja. Kwa mkono."

"Tutamaliza wajukuu wako wakiwa na mvi."

Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. "Na ile ya karakana?"

"Ile mashine ya kufundishia haina waya wa mtandao. Haimo kwenye hesabu."

"Haimo kwenye hesabu," akarudia, akachana utepe, akaandika kitu, akaondoka nao umenata kidoleni.

Nikamtupia mgongoni: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Ijumaa, 7 Machi

Zote arobaini na mbili zimejibu. Kompyuta mbili za stoo zina toleo la nane. Nimezibadilisha leo leo. Fisi saba, wote: kumi na moja. Nimepiga chapa, nimetia saini, nimebandika ubaoni. Mdogo wangu, anayeendesha Fisi wa Nne, kapita akaisoma, akanigongea kiganja hadi changu kikawaka moto.

"Basi dada, sasa naweza kuchokonoa karatasi bila kusali kwanza."

Jumatatu, 10 Machi

Umeme umekatika mara tatu kwa mvua. Jenereta jipya likadaka kila mara, mashine hazikuzimika hata nukta. Tulilipigania jenereta hilo mwaka mzima. Miaka yote tulikuwa tunapapasa gizani kati ya visu. Niseme nini? Ushindi.

Ijumaa, 14 Machi

Bati linavuja juu ya meza yangu. Nimeandika karatasi ya ubaoni kuhusu bati. Meneja kaing'oa. Nimeandika nyingine kuhusu kung'olewa.

Jumanne, 18 Machi

Kobe tena. Alinisubiri chini ya ngazi, maji yakimtoka kwenye kofia.

"Mstari wa mwanga wa Fisi wa Nne umeganda. Nilipitisha ubao, kisu kikashuka. Mara ya pili kikazuiwa."

"Mwambie meneja."

"Nimemwambia. Kanionyesha karatasi yako. Kasema Pilipili katia saini, na Pilipili hajawahi kumpenda yeye meneja hata adanganye kwa faida yake."

Nilikaribia kucheka. Sikutaka kucheka na yule mtu.

"Basi angalau mashine zizimwe na kuwashwa upya," akasema. "Zamani umeme ulikuwa unatuzimia kila mvua. Tangu lije jenereta hakuna anayezizima."

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Jenereta letu. Ushindi wa kwanza wa chama tangu ule mgomo alioutoboa yeye. Nikamwambia mbele ya watu wa zamu kwamba mtu aliyezoea kuingilia mlango wa tajiri hawezi kuona kitu cha wafanyakazi kikisimama bila kukitafutia kasoro. Nikamwita kibaraka. Nikamwita na jina lingine ambalo mama yangu angenipiga kofi kwa kulisema.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza?" Kisha akaenda zake, kwa mwendo wake.

Alhamisi, 20 Machi

Kobe kapiga simu mara tatu. Sikupokea.

Ijumaa, 21 Machi

Saa nane na robo mchana. Nilikuwa ofisini juu nikibadilisha kebo. Kelele za kiwanda mtu huzizoea kama mapigo ya moyo wake. Huzisikia zinapobadilika tu. Fisi wa Nne alishusha kisu, na badala ya mlio wa karatasi nikasikia mlio wa muwa. Kikafuata kimya cha pumzi moja. Halafu sauti ninayoijua tangu nikiwa na miaka saba, siku waliponipa kitoto kilichofungwa shuka wakaniambia, shika, huyu ni mdogo wako.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka alikuwa amesimama. Amesimama wima anaitazama meza, mkono wake wa kulia uko juu ya maboksi, umefunguka kama unaomba kitu, na yeye yuko huku, hatua moja kutoka kwenye mkono wake. Damu ilipiga skrini, ikanipiga usoni, ya moto. Kwenye skrini Mlinzi alikuwa anaonyesha kijani. Kijani! Damu inateremka juu ya kijani, na kile kijidude kinatuambia hali ni shwari.

"Dada," akasema, taratibu kabisa, "nilikuwa natoa kipande kilichokwama."

Kisha akaanguka.

Aliyefika kwanza ni Kobe. Alivua mkanda wake wa suruali, akaufunga juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno. Mimi nikamsukuma. Naandika hivyo hivyo: mtu alikuwa anazuia damu ya ndugu yangu isimwagike, nami nikamsukuma kwa mikono miwili, akaanguka kwenye ile damu, akainuka, akakaza tena.

"Utanipiga baadaye," akasema kwa meno yaliyouma mkanda. "Lete barafu. Funga mkono kwenye mfuko."

Niliubeba mimi. Ulikuwa na uzito kuliko nilivyotegemea, na kucha ilikuwa na wino wa maboksi.

Jumamosi, 22 Machi

Mkono haukurudi. Madaktari wamekata tena, juu zaidi, ili ngozi ipate kufunika mfupa. Wifi yangu, ambaye naye anafanya kazi kiwandani, kitengo cha kufunga mizigo, alikaa upande wa pili wa kitanda na hakunitazama hadi saa sita.

"Wifi, ile karatasi ya ubaoni ulitia saini wewe."

"Karatasi ilikuwa sahihi."

"Basi nani kamkata mume wangu?"

"Nitamjua."

"Ukimjua," akasema, "usiniletee jina tu."

Jumatatu, 24 Machi

Nimemjua. Kila kompyuta huweka kumbukumbu ya nani kaifungua na lini. Kompyuta ya Fisi wa Nne ilifunguliwa Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa neno la siri la Kobe. Aliingia kwenye folda ya Mlinzi, akakaa dakika ishirini na mbili. Kesho yake Mlinzi akaganda. Mbili na mbili ni nne hata kwa mtoto wa chekechea.

Sikumwita. Sikumuuliza. Niliketi nikaandika, na mikono ilikuwa na furaha, lazima niliseme hilo. "NANI ALIINGIA NDANI YA MLINZI SIKU MOJA KABLA? Aliyetusaliti getini katusaliti tena kwenye kisu." Nakala mia mbili. Kufikia saa saba mchana zilikuwa mikononi mwa zamu zote mbili.

Walimkuta uani, kwenye mvua, akibeba ndoo ya grisi. Wa kwanza alimpiga ndoo ikamwagika. Wa pili alikuwa na bomba la chuma. Kobe hakukimbia, kwa kweli hajui kukimbia. Aliinua mkono akasema, "Ngojeni, muulizeni Pilipili, nilimpigia simu," na jina langu likawa kama petroli. "Usimtaje!" mtu akapiga kelele, na bomba likashuka mdomoni. Alipoanguka walimzunguka. Mateke hutoa sauti ya gunia lenye maji. Mfungaji mmoja wa mizigo, mama mnene mpole anayeuza karanga wakati wa mapumziko, alivua kiatu chake cha chuma mbele akamponda nacho usoni. Mara tatu. Maji ya uani yakawa na rangi.

Mimi nilikuwa dirishani juu. Sikusema "mpigeni". Nimelirudia jambo hilo njia nzima hadi nyumbani: sikusema "mpigeni". Sikusema "acheni" pia. Nilimwona akitapatapa, nikauona mkono wa mdogo wangu juu ya maboksi, na kitu ndani yangu kikasema, bado. Bado kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Jicho la kushoto la Kobe limekufa. Polisi wamemfunga pingu kwenye kitanda, hospitali ileile, ghorofa moja chini ya mdogo wangu. Vizuri.

Jumatano, 26 Machi

Baadhi ya mistari nitaiandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umevimba. Nianze mwanzo.

Inspekta alitaka ushahidi: faili gani Kobe aliibadilisha, kutoka nini kuwa nini. Nikamwambia nampa ndani ya saa moja. Nikakaa mbele ya kompyuta ya Fisi wa Nne. Walikuwa wameifuta skrini lakini damu ilibaki kwenye mianya ya kibodi, kahawia, na herufi moja ilikuwa inanata.

Nilifungua folda ya Mlinzi. Hakuna faili hata moja iliyobadilishwa. Zote tarehe moja, miaka sita iliyopita, siku Mlinzi alipowekwa kwenye mashine. Kobe aliingia akatazama, basi. Na katikati ya zile faili kulikuwa na folda ndogo, imekaa kimya kama mtu aliyelala chumbani. Nikaifungua. Injini. Injini nzima, ya Mlinzi mwenyewe, aliyokuja nayo mgongoni kutoka kiwandani alikotengenezwa. Mlinzi hakuwahi kutumia injini ya kompyuta. Alikuwa na yake.

Nikaiuliza kompyuta, kwa amri ileile ya programu yangu: toleo gani? Kumi na moja. Nikaingia ndani ya folda ile nikauliza swali hilohilo humo humo. Nane.

Nikauliza tena. Nane.

Programu yangu haikudanganya, na kompyuta haikudanganya. Niliuliza mlangoni, akajibu wa mlangoni, nikatia saini.

Nilipoisogeza skrini ili niegemee kitu, nikauona utepe mweupe umebandikwa nyuma yake, herufi kubwa za Kobe: "MLINZI ANA INJINI YAKE NDANI. NI 8. MENEJA KAKATAA KUZIMA. PILIPILI HAPOKEI. 20/3."

Nilitapika pale pale, kwenye meza ya mdogo wangu. Na nikiwa nimeinama nikasikia nilichokuwa nasikia asubuhi nzima bila kukisikia: fisi wengine sita, wanakata. Nikawauliza folda zao za ndani kwa waya wa mtandao: nane, wote sita, na zaidi ya siku kumi hawajazimwa. Watu sita mbele yao, mikono kumi na miwili, na kila mmoja anaamini hatari imelala hospitalini na pingu.

Nilikimbia kwa meneja. "Zima ukumbi. Sasa."

"Kwa nini? Mhalifu kakamatwa. Umeandika mwenyewe."

"Nimekosea. Wote wana nane. Orodha yangu ni takataka."

"Orodha yako ina saini," akasema, na akaitoa kwenye droo, akailaza mezani akaipapasa kama paka. "Unajua miaka yote nilikuwa natamani karatasi moja tu yako inayonitetea? Andika barua, Pilipili. Tutaweka kikao kesho."

Ukutani kwake kuna shoka la zimamoto. Nililing'oa pamoja na msumari wake. Aliinua mikono akidhani ni yeye. Ningependa kusema sikulifikiria hilo.

Chumba cha swichi kuu kina kufuli. Pigo la kwanza liliteleza likanipasua kiganja, la pili likavunja kufuli. Nikauvuta mpini chini kwa uzito wangu wote. Jenereta likataka kudaka. Nikakata na waya wake. Jenereta letu. Cheche zikanichoma nyusi. Ukumbi ukanyamaza, fisi mmoja baada ya mwingine, na visu vikabaki hewani.

Askari wa geti walinipata pale. Rungu la kwanza mbavuni, la pili kwenye mkono ulioshika shoka. Nikasikia kitu kikilia kama kijiti. Walinikokota hadi ukumbini, na hapo zamu nzima ilikuwa imekusanyika gizani, inapiga kelele ikitaka kujua nani kakata umeme. Nikajinasua, nikapanda juu ya rundo la maboksi.

"Ni mimi! Msirudi kwenye mashine! Zote zinaganda! Kobe hakugusa kitu. Alikuta kosa, akaniambia, nikakataa kumsikia. Karatasi ya kwanza niliandika mimi, ni ya uongo. Karatasi ya pili niliandika mimi, ni ya uongo. Aliyemkata mdogo wangu mnamwona hapa!"

 Kisha yule mama wa karanga akaanza kulia kwa sauti ya ajabu, sauti ya mnyama. "Nilimponda mtu uso! Nilimponda mtu uso kwa karatasi yako! Nitakiweka wapi kiatu hiki?" Akanirushia. Kilinipata kwenye paji. Kikafuata kipande cha chuma, spana, sijui nini. Nilianguka, na safari hii hakuna aliyekuwa dirishani.

Kilichoniokoa ni kwamba wengine walikuwa bado hawajaamua wampige nani, mimi au meneja.

Alhamisi, 27 Machi

Mbavu mbili, mifupa miwili ya mkono, nyuzi kumi na moja kwenye paji. Nilipanda hadi chumba cha mdogo wangu kabla hajasikia kwa mwingine. Nilimwambia yote, hata zile simu tatu. Akaniita nisogee, nikasogea. Akanipiga kofi kwa mkono uliobaki. Hakuwa na shabaha nao bado, ulinipata sikioni.

"Dada," akasema, "nitajifunza kuandika kwa huu, na barua ya kwanza nitakayoandika ni ya kukushtaki."

Nikamwambia ni haki yake. Akasema hakuniomba ruhusa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimetoa maelezo polisi, kurasa tisa. Nimewapa na ule utepe. Inspekta kauliza mara mbili kama naelewa najifunga mwenyewe. Kobe kafunguliwa pingu jioni. Nimefukuzwa kazi, geti haliniruhusu. Ukumbi umefungwa hadi wataalamu waje.

Mama wa karanga kajisalimisha kituoni, na kile kiatu kwenye mfuko.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nilishuka kwa Kobe. Nusu ya uso wake ni bandeji, nusu ni rangi za mvua: zambarau, kijivu, manjano. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Miaka thelathini nimeishi kwa mdomo, nimesoma vitabu kuliko watu wote wa kiwanda kile wakiunganishwa, na nilifika pale nikasema, "Kaka, nimekuja."

"Naona. Na jicho moja linatosha kukuona."

"Siombi msamaha."

"Vizuri, maana sina. Ule mgomo," akasema, "niliingia kwa sababu fisi wawili waliachwa wamewaka, visu juu. Mngerudi mngekatwa. Niliandika kwenye utepe. Hakuna aliyesoma."

 Nikamtolea orodha mpya, niliyoiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kama za mlevi: fisi saba, wote toleo la nane, wote wamezimwa. Akaisogeza karibu na jicho, akaisoma kutoka juu hadi chini, akageuza nyuma ya karatasi kuona kama kuna kitu.

"Ziko saba hapa."

"Fisi ni saba."

"Na ile ya karakana?"

Nikahisi mbavu zote, hata zilizo nzima. Karakana ina waya wake wa umeme, sikuukata. Ina mashine ya kufundishia, kisu kilekile, Mlinzi yuleyule, inawaka tangu mwanzo wa mwezi.

"Haitumiki," nikasema. "Mafunzo yamesimama."

"Ukumbi umefungwa, maboksi yanadaiwa. Wewe ungekuwa meneja ungekata wapi?"

Nikapiga simu kwa wifi yangu. Ilikata. Nikapiga tena. Ilikata. Mara ya tatu akapokea.

"Unataka nini, muuaji?"

"Wifi, usikate. Leo wanakata wapi?"

"Karakana. Wametuhamishia wanawake wanne wa kufunga mizigo, hata hawajui kushika karatasi. Kwa nini?"

"Kimbia ukazime. Usiombe ruhusa. Ngumi, meno, chochote. Kimbia, wifi!"

Hakukata. Nilimsikia akikimbia, mvua kwenye simu, mlango, mwanaume akisema, "We mama, huruhusiwi," kisha kishindo na yule mwanaume akitukana kwa uchungu. Kisha sauti ya kisu. Naijua sauti ile kuliko jina langu. Karatasi. Karatasi. Karatasi. Kobe alikuwa amenishika kifundo cha mkono uliovunjika, anaubana. Karatasi. Halafu wifi yangu akapiga yowe, na kisu kikanyamaza.

"Wifi? Wifi! Kuna damu?"

Pumzi tu. Pumzi ndefu.

"Hakuna. Nimeng'oa waya. Kuna mmoja mkono ulikuwa ndani, anachomoa kipande. Ndani kabisa. Mwanga hauwaki." Akapumua. "Nimempiga msimamizi. Nadhani nimemvunja pua."

"Vizuri. Sasa nisikilize. Kompyuta ya ubavuni ina betri yake, bado iko hai. Fungua folda ya Mlinzi. Ndani yake kuna nyingine ndogo."

"Mimi sijui haya mambo yenu."

"Nitakuongoza. Bonyeza hapo mara mbili. Tena. Umeona maandishi? Soma namba, ile ya mwanzo tu."

 Nyuma yake nilisikia mwanamke akilia na mwingine akimwambia anyamaze, vidole vyote vipo, hebu vihesabu.

"Nane," akasema wifi yangu. "Ni nane, mwanaharamu wewe. Nane." Akakata.

Kobe aliniachia mkono. Akapapasa kwenye meza ya kitanda, akapata kalamu, akanipa bila kunitazama.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imekatika. Saa nne nakwenda kituoni, na safari hii nimeambiwa nichukue na nguo. Kabla ya hapo nitapita getini. Yule askari wa geti aliyenivunja mkono kaahidi kuibandika ubaoni yeye mwenyewe, karatasi ya mwisho niliyoiandikia kiwanda kile. Haina kauli mbiu. Mstari wa chini, ulioongezwa kwa kalamu ya hospitali, unasema:

8. Mashine ya karakana. Aliyeulizwa: folda ya ndani. Jibu: nane. Aliyekumbuka: fundi mkuu. Aliyefungua kwa mkono: wifi yangu.